Hilux 3L: namba moja na rivasi zinagoma, halafu mlimani klachi inateleza. Nishushe gia boksi au nisubiri?

NdiziKiwira aliandika:

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa nyie wa Mbeya, Njombe na Iringa mnaoyajua haya magari kwenye milima yetu. Nina pikapu Hilux ya mwaka 1994, injini 3L ya dizeli, gia tano za mkono, nabebea ndizi kutoka Kiwira na pande za Tukuyu naleta Mwanjelwa, kwahiyo kila safari ni kupanda na mzigo mpaka Isongole ndiyo nianze kushuka Igawilo kuja Uyole.

Ilianza hivi, asubuhi gari ikiwa sailensa (imewashwa bila kukanyaga mafuta) nikiweka namba moja inagoma, rivasi ndiyo kabisa inakwaruza mpaka watu wanageuka kuangalia, ila nikiipampu klachi mara mbili tatu inaingia bila shida. Nikaipeleka kwa fundi, akalala chini ya dashibodi akairefusha ile rodi ya pedali akasema klachi ilikuwa inakamata chini sana. Kweli gia zikawa zinaingia. Sasa haukupita muda ikaja nyingine, nikiwa na mzigo napanda na gari ikishapata moto, nakanyaga mafuta injini inapandisha resi inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani. Nikipaki ikapoa nusu saa hivi inavuta tena vizuri kabisa kama siyo yenyewe.

Fundi anasema seti nzima imekwisha, tushushe gia boksi tuweke pleti (ile sahani inayoshikana na injini), presha pleti (inayoibana) na beringi, na anasema huenda gia boksi yenyewe ina tatizo ndani ndiyo maana gia zilikuwa zinagoma. Hela ya kazi yote hiyo kwa sasa sina na gari ndiyo inanilisha. Ninachoogopa ni kushusha gia boksi, kulipa yote hayo, halafu shida ikabaki palepale. Mnanishauri nini?


Kamwene_Mafinga aliandika:

Kamwene ndugu. Injini inapanda resi, gari haiendi, harufu ya kuungua, hapo pleti imekwisha, sioni cha kutafuta zaidi. Mimi napanda Kitonga na mbao kila mara na klachi ikifika hapo ukiendelea kuilazimisha inakula na flaiwili (lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inashika), badala ya kununua pleti unajikuta unatafuta na flaiwili. Kopa sehemu, shusha, weka seti mpya usitafute mtumba, klachi ya mtumba ni kulipia ufundi mara mbili. Hiyo kupoa halafu inavuta ni kawaida, pleti iliyoisha ikipoa inashika kidogo.


FundiSae aliandika:

NdiziKiwira mkuu usishushe chochote kwanza. Kamwene hajakosea kwamba pleti ikiisha inateleza, lakini hapo kuna malalamiko mawili na ni ya aina mbili tofauti kabisa, tuyatenganishe la sivyo utanunua spea zisizohusika.

Gia kugoma maana yake klachi HAIACHII. Unakanyaga lakini pleti bado inazungushwa na injini, ndiyo maana rivasi inakuwa ya kwanza kulalamika, kwenye gia boksi nyingi za zamani rivasi haina sinkro (kifaa cha kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingia), gia zinakutana zikiwa kwenye mwendo tofauti zinakwaruzana. Kuteleza maana yake klachi HAISHIKI. Pleti iliyolika kawaida inateleza tu, haifanyi namba moja igome. Na pleti kuisha haiwezi kuondoka kwa kupampu pedali. Ukiona kupampu kunasaidia, macho yako yaende kwenye fluidi, masta ya juu (pampu ndogo inayosukumwa na rodi ya pedali), masta ya chini (inayopokea presha hiyo pale kwenye gia boksi) na ule mpira unaounganisha, basi.

Kuhusu gia boksi kuwa mbovu, hilo unalipima bure mwenyewe. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote pamoja na rivasi. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na zikigoma ikiwa imewashwa, gia boksi yako ni nzima, iache ilivyo.

Sasa hii ndiyo sehemu ambayo nataka uisome taratibu. Ndani ya masta ya juu kuna tundu dogo sana la kurudishia fluidi kwenye kikopo. Ukiachia pedali, pistoni inatakiwa irudi nyuma mpaka ipite hilo tundu libaki wazi. Fundi alipoirefusha rodi alitibu dalili, kwa sababu masta iliyochoka inasukuma fluidi kidogo na yeye akaianzishia safari mbele kidogo, gia zikaingia. Lakini kama amezidisha, pistoni hairudi mpaka mwisho, tundu linabaki limezibwa muda wote. Asubuhi gari ikiwa ya baridi huoni kitu. Ukianza kupanda kutoka Kiwira na mzigo, joto la injini na la gia boksi linafika kwenye fluidi, fluidi inatanuka, inatafuta pa kwenda haipati kwa sababu njia ya kikopo imefungwa, kwahiyo inasukuma masta ya chini, masta ya chini inasukuma foku (ule uma unaosukuma beringi), foku inakandamiza vidole vya presha pleti. Ni sawasawa na kuendesha mlima mzima mguu wako umelala juu ya pedali. Lazima iteleze. Ukipaki ikapoa fluidi inasinyaa, klachi inashika tena. Umesema mwenyewe tatizo lilikuja baada ya rodi kuguswa na linakuja ikipata moto tu, mimi kwa maelezo hayo naanzia hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhakikisha: ikianza kuteleza, toka barabarani sehemu pana (huko Isongole ukungu unashuka ghafla, weka pembetatu mbali nyuma na ugogo kwenye tairi), zima gari, ingia upande wa gia boksi kwenye masta ya chini, legeza ile nati ya kutolea upepo robo mzunguko. Weka uso pembeni na angalia bomba la moshi lisikuunguze. Fluidi ikiruka kwa nguvu bila mtu kukanyaga pedali, hapo kulikuwa na presha imefungiwa. Kaza nati, ongeza fluidi, washa uondoke. Ikivuta vizuri muda huohuo kabla haijapoa, tatizo umeliona kwa macho. Ikidondosha tu tone na kuteleza kukaendelea, basi turudi kwa Kamwene tuzungumze pleti.

Rodi irudishwe. Toyota za namna hii pedali ukiisukuma kwa kidole juu kabisa inatakiwa iwe na mchezo wa bure kama milimita 5 mpaka 15 kabla hujasikia uzito, na ndani ya huo kuna mchezo wa rodi yenyewe kabla haijagusa pistoni, milimita 1 mpaka 5. Kama yako haina mchezo kabisa, jibu umeshapata hata kabla ya kwenda mlimani.


Mbozi_Kahawa aliandika:

Naongezea kwa uzito kabisa kaka NdiziKiwira, angalia kilichomo kwenye kikopo cha klachi. Kwenye Hilux hizo klachi ina kikopo chake kidogo peke yake, siyo kile cha breki, na watu wengi wanakisahau mpaka kikauke. Kuna watu njiani wakiona kimepungua wanamimina chochote, oili ya injini, haidroliki ya stelingi, mradi kijae. Hiyo inaua raba, zinavimba zinakuwa laini kama zimelowekwa, pistoni inakwama hairudi, na ukishaingiza oili humo itabidi ubadilishe raba za juu na za chini na mpira wote, kuosha peke yake hakutoshi. Ni fluidi ya breki tu, DOT 3 au DOT 4, na chupa iwe haijafunguliwa zamani kwa sababu inanyonya maji ya hewani. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka kwenye 140 hivi, sasa fikiria iko karibu na injini inayopanda mlima. Ukiona kwenye kikopo imekuwa nyeusi kama chai ya rangi, imwage yote. Usiimwagie kwenye bodi, inatoa rangi.

Na usioshee raba kwa petroli wala dizeli, tumia fluidi hiyohiyo au spiriti.


NdiziKiwira aliandika:

Ndaga fijo wakuu, nimesoma mara kadhaa. Nimeanza na yale ya bure. Injini ikiwa imezimwa gia zote zinaingia laini kabisa hata rivasi. Pedali haina mchezo hata kidogo, ukigusa tu ni nzito papo hapo. Kapeti chini ya pedali nimelifunua nimekuta unyevu na rangi imebanduka pale ukutani rodi inapopita. Fluidi ni nyeusi. Bado sijapanda mlima kufanya ile ya nati. Swali, huo unyevu ndani ni wa masta ya juu? Na nikirudisha rodi ilivyokuwa si gia zitaanza kugoma tena?


FundiSae aliandika:

Ndiyo, huo ni masta ya juu, inavujia nyuma kwenye rodi inaingia ndani ya kabini. Na ndiyo, ukirudisha rodi bila kubadilisha masta gia zitagoma tena, kwa sababu ule ndiyo ulikuwa ugonjwa wa kwanza ambao haukutibiwa. Kwahiyo ni kazi moja: masta, fluidi mpya, halafu rodi ipimwe upya.

Masta inaweza kufa hata bila kuvuja nje, nalisema hili kwa wengine watakaosoma. Raba ya mbele ikichoka fluidi inapita ndani kwa ndani inarudi kwenye kikopo. Kuipima, simama sehemu ya tambarare, mbele pawe wazi, washa, pampu klachi, weka namba moja, shikilia pedali chini bila kuigusa tena. Gari ikianza yenyewe kusogea polepole baada ya sekunde kadhaa huku mguu bado uko chini, masta haishikilii presha.

Raba tu au masta nzima? Angalia ndani ya silinda kwa tochi. Ikiwa laini inang'aa, raba zinatosha na ni hela ndogo. Ukiona mikwaruzo au vishimo vya kutu unavyovisikia kwa ukucha, usipoteze muda, raba mpya zitakatika humo, nunua masta. Mvua za Rungwe na gari ya umri huo mara nyingi nakuta kutu. Na ukifika hapo vua raba ya vumbi ya masta ya chini, ukikuta fluidi imejaa nyuma yake ibadilishe pia, zote zilizeeka pamoja na ukiweka ya juu mpya yenye nguvu ile ya chini iliyochoka inaanza kuvuja. Mpira unaonyumbulika mwambie mtu akanyage wewe uushike, ukivimba mkononi hauna kazi.

Mwambie huyo anayekanyaga arudie, uangalie ukuta wa kabini pale masta ilipofungwa. Pikapu zilizobeba sana ukuta unachanika taratibu, ukikanyaga unapinda na masta inasogea mbele, unakosa safari ya pedali wakati kila kitu ni kipya. Pia pini ya pedali na bushi zake zikilika tundu linakuwa la mviringo mrefu, hapo napo safari inapotea.

Kutoa upepo: paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, chupa yenye fluidi kidogo, mtu mmoja juu mmoja chini. Akanyage, ashikilie, fungua, funga, ndiyo aachie. Akiachia kabla hujafunga inavuta upepo unaanza upya. Kikopo kisikauke katikati ya kazi. Kama pedali inabaki laini baada ya kurudia sana, fungua masta ya chini kwenye boliti zake mbili, isukume rodi yake ndani mpaka mwisho uishikilie huku nati ya upepo ikiwa juu, upepo uliojificha nyuma ya pistoni unatoka. Asikanyage pedali masta ya chini ikiwa imefunguliwa na haijashikiliwa, pistoni itaruka nje.

Ukimaliza pima kwa macho, akikanyaga mpaka chini rodi ya masta ya chini isukume foku sentimita moja na zaidi. Ikisukuma vizuri na gia bado zinagoma, ndiyo tunaanza kushuku vya ndani, foku iliyopasuka, kile kichwa chake kilicholika, au pleti iliyopinda.


Kamwene_Mafinga aliandika:

FundiSae hilo la tundu nimelielewa na nakubali kwa maelezo ya jamaa ndipo pa kuanzia. Ila mimi nasimama kwenye jambo moja, harufu ya kuungua imeshatoka, tena zaidi ya mara moja na mzigo. Pleti iliyoteleza mlimani namna hiyo imeshapata moto, uso wake unakuwa kioo. Asije akabadilisha masta akapakia ndizi mpaka juu akidhani kila kitu kimeisha, halafu ikamwachia katikati ya kupanda na malori nyuma yake. Ukimaliza masta ipime kwanza ikiwa tupu: handibreki juu kabisa, ugogo kwenye tairi, mbele pasiwe na mtu, weka namba nne, resi kidogo, achia klachi. Injini ikizimika papo hapo pleti inashika. Ikiendelea kuzunguka kwa raha, imekwisha. Fanya mara moja tu, ukirudiarudia unaiunguza mwenyewe.


NdiziKiwira aliandika:

Naleta majibu. Ile ya nati nimeifanya juu kidogo ya Kiwira ikiwa na mzigo nusu, imeruka fluidi kama sindano, nimekaza nikaondoka ikavuta mpaka Isongole. FundiSae Mungu akubariki. Masta nimeivua, ndani ina vishimo, nimenunua mpya ya juu na ya chini, mpira nao, fluidi DOT 4. Pedali sasa ina mchezo, namba moja na rivasi zinaingia kwa vidole viwili. Jaribio la namba nne injini ilizimika lakini siyo papo hapo, ilijivuta kidogo. Ikiwa tupu haitelezi popote. Nimepakia mzigo wa kawaida, namba mbili na tatu hamna shida, ila kuna mwinuko mmoja nikiwa namba nne nikikanyaga mafuta mengi resi inapanda kidogo halafu inashika. Kamwene na wewe ulikuwa sahihi?


FundiSae aliandika:

Kamwene yuko sahihi kwenye hilo, pleti imeungua uso. Klachi iliyochoka inajionyesha kwanza kwenye gia kubwa ukiwa na mzigo na mafuta mengi, ndivyo ilivyo. Faida uliyopata ni kwamba sasa unashusha gia boksi kwa sababu unayoijua, kwa muda wako ukishajipanga, na ukiweka pleti mpya haitaungua ndani ya wiki kama ambavyo ingeungua na ile rodi. Mpaka hapo punguza mzigo, panda kwa namba ndogo mapema usiilazimishe nne, na usishikilie gari mlimani kwa klachi, tumia handibreki.

Siku ukishusha, usikubali kubadilisha pleti tu. Presha pleti na beringi ziende pamoja, ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili pia. Flaiwili ukiikuta na madoa ya bluu au nyufa ndogondogo ipeleke kwa wachonga vyuma waisawazishe, pleti mpya kwenye flaiwili yenye madoa inatetemeka ukianza kuondoka. Angalia kama kuna oili humo ndani, nyeusi nyembamba inatoka oili sili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya injini, nzito yenye harufu kali ya salfa inatoka sili ya mbele ya gia boksi. Sili yenyewe ni kitu kidogo, ila kuirudia baadaye ni kushusha gia boksi yote upya, iweke mpya hata kama haijavuja sana. Pleti ina upande, sehemu ya katikati yenye springi inatazama gia boksi, ikigeuzwa klachi haiachii na utadhani ni masta tena. Boliti za presha pleti zikazwe kidogokidogo kwa kupishana. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu, ikizidi inarushwa kwenye pleti.


Mbozi_Kahawa aliandika:

Na hiyo pleti ya zamani mwombe fundi akuonyeshe, utaona zile ribiti. Zikiwa zimebaki chini ya milimita 0.3 kutoka juu ilikuwa inakaribia kukwaruza chuma. Kaka kuna la kukusaidia kabla ya hapo, endapo klachi itakufa kabisa njiani kwa upande wa fluidi: gari ikiwa imezimwa sehemu ya tambarare weka namba moja, piga stata, itaondoka nayo, halafu kubadilisha unaachia mafuta, unatoa gia, unasubiri resi ishuke unaingiza ya pili bila kuilazimisha. Ni ya kukufikisha kwenye gereji tu, ikiwa tupu, na siyo mjini kwenye foleni ya Kabwe.


NdiziKiwira aliandika:

Nimeandika yote. Swali la mwisho FundiSae, nikiweka mpya naweza kupakia mzigo wa kawaida siku hiyohiyo?


FundiSae aliandika:

Hapana, kilomita mia chache za mwanzo iende na mzigo mwepesi, kuondoka taratibu, ili uso wa pleti ukae sawa na flaiwili. Fanya za Mbalizi na Uyole kwanza, ndiyo urudi Kiwira. Na mchezo wa pedali upime tena baada ya hizo kilomita.